Steringi Aliyeshindwa Kesi

Kabla mgodi mkubwa wa Geita haujaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, Katoro yetu ilikuwa senta ya vumbi kwenye njia ya kwenda Biharamulo, na burudani ya jioni ilikuwa kibanda cha video. Ukuta wa mabati, turubai juu, jenereta linanguruma nyuma, mabenchi ya mbao ambayo hayakuwahi kupigwa randa. Wachimbaji waliotoka Rwamgasa na Nyarugusu walikaa na unga wa karasha ukiwa bado kwenye nyusi. Walikuwepo wauza dagaa wa Nkome, mafundi baiskeli, utingo wa malori, na sisi watoto wa darasa la sita tuliotakiwa kuwa nyumbani tukisoma kwa koroboi. Mbele, pembeni ya televisheni, aliketi mtafsiri na maikrofoni yake. Alikuwa akifuata nyayo za Kapteni Derek Mukandala, yule Lufufu ambaye kanda zake zilizungushwa vibandani nchi nzima, na kama Lufufu, hakutafsiri maneno tu. Alitupa majina, alitueleza nani mwema na nani wa kuogopwa, na pale alipoona picha imepoa aliipasha moto mwenyewe.

Swali la kwanza lilikuwa lilelile kila usiku, na lilitoka kabla majina hayajamaliza kupita kwenye kioo: “Steringi nani?” Aliyekulia vibandani hahitaji kuelezwa. Steringi ndiye wa kumshika. Steringi anaweza kupigwa, kufungwa, hata kutupwa mtoni, lakini hafi na hashindwi. Ukishamjua steringi unaweza kutulia.

Usiku mmoja mwenye kibanda aliweka kanda ambayo hatukuwahi kuiona. Kulikuwa na watoto wa shule wanaandamana, askari wanafyatua risasi, mtunza bustani Mwafrika anayemtafuta mwanawe, na mwalimu Mzungu ambaye hataki kuamini anachoambiwa. Steringi hakujulikana. Picha ikaenda mpaka karibu na katikati, ndipo akaingia mzee mmoja mnene, nywele nyeupe, amevaa miwani, anaongea taratibu kama anayemliwaza mgonjwa. Mtafsiri alimtambua kutokana na The Godfather. Akapiga kelele kwenye maikrofoni: “Steringi kafika!” Kibanda kizima kikashangilia. Mzee akaingia mahakamani, akamhoji kapteni wa polisi mpaka tukaona jasho, sisi tukipiga mabenchi kwa viganja. Kisha hakimu akasoma uamuzi, mzee akashindwa, akakusanya karatasi zake, akatoka. Hakurudi tena mpaka mwisho wa kanda. Mchimbaji mmoja nyuma yangu alisimama akauliza kwa hasira ya kweli: “Sasa steringi kaenda wapi?”

Nimekaa na swali lile zaidi ya miaka 25. Filamu ilikuwa A Dry White Season, ya mwaka 1989. Mzee alikuwa Marlon Brando. Leo ninaamini kwamba yule mchimbaji alikuwa ameuliza swali ambalo mwongozaji, Euzhan Palcy, alitaka mtazamaji aulize. Alilipanga tangu siku alipoamua nani apewe nafasi gani.

Kesi iliyomo kwenye filamu ile inahitaji maelezo kidogo, maana si kesi ya jinai kama tunazozijua katika mahakama zetu. Ni uchunguzi wa chanzo cha kifo. Hakuna mshtakiwa. Kuna marehemu, kuna mashahidi, kuna wakili wa familia, na kuna hakimu anayetakiwa kutamka mambo mawili: mtu huyu alikufaje, na je, yuko wa kulaumiwa? Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa na mahakama za namna hii nyingi, kwa sababu watu wengi walikufa mikononi mwa polisi wa usalama na sheria ilidai kila kifo kiandikiwe jibu. Majibu yalifanana. Ahmed Timol, mwalimu, alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg, tarehe 27 Oktoba 1971. Mwaka uliofuata hakimu akasema alijiua. Steve Biko alikufa tarehe 12 Septemba 1977 kwa majeraha ya kichwa. Wakili Sydney Kentridge aliwahoji askari mmoja baada ya mwingine mpaka uongo wao ukabaki uchi mbele ya waandishi wa habari wa dunia nzima. Tarehe 2 Desemba hakimu akatamka, kwa maneno machache, kwamba hakuna wa kulaumiwa.

Katika hali hiyo ndipo André Brink, mwandishi Mzungu aliyezaliwa katika jamii ya makaburu wenyewe, alipoandika riwaya ambayo filamu hii imetokana nayo. Kwa Kiafrikana ilitolewa mwaka 1979 na Taurus, wachapishaji wadogo waliokuwa wakipeleka vitabu moja kwa moja kwa wasomaji wao ili viwahi kabla ya mkono wa wakaguzi. Serikali ikaipiga marufuku. Mwaka huohuo, tarehe 6 Aprili, kijana Solomon Mahlangu alinyongwa Pretoria, na jina lake likapewa shule ambayo chama cha ANC kilikuwa kikiijenga Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali yetu mwaka 1977. Wanafunzi wa kwanza wa Mazimbu walikuwa walewale waliokimbia risasi za Soweto za tarehe 16 Juni 1976. Kwa hiyo watoto wanaokimbia mwanzoni mwa filamu hii si wageni kwa Mtanzania. Wengine walikula ugali wetu, na wengine wamezikwa Mazimbu.

Riwaya inamfuata Ben du Toit, mwalimu wa historia, mtu mwema kwa kipimo cha mtaa wake. Gordon Ngubene anafanya usafi katika shule anakofundisha Ben; kwenye filamu amegeuzwa kuwa mtunza bustani wake. Mwana wa Gordon, Jonathan, anauawa. Gordon anaanza kuuliza maiti iko wapi, naye anakamatwa, naye anakufa. Yote haya msomaji anayapata kupitia macho ya Ben. Gordon akiwa mahabusu hatumwoni. Tunaona nguo zake chafu anazorudishiwa mkewe Emily, zina damu, na mfukoni mna meno yaliyovunjika. Sura ya mahakama ni ndefu, swali kwa swali, na wakili wa familia, De Villiers, ni mtu hodari anayefanya kazi yake. Msomaji akifunga kitabu anakumbuka meno yale kuliko sura ya wakili.

Kitabu kinaweza kumudu hilo. Filamu haina kurasa 40 za kumjengea wakili heshima. Ina dakika chache, na katika dakika hizo sura ya mwigizaji, na kila kitu ambacho watu wameshawahi kuiona ikifanya, ndiyo inayobeba mzigo ambao mwandishi aliubeba kwa maneno. Ndiyo maana uteuzi wa waigizaji katika filamu ya mahakamani ni kazi nzito kuliko katika filamu za kukimbizana. Mahakamani watu wamekaa. Hakuna farasi, hakuna gari linalopinduka. Kuna nyuso, na mtazamaji anahukumu kwa nyuso kabla hakimu hajafungua mdomo.

Palcy alijua kucheza na nyuso. Alizaliwa Martinique mwaka 1958. Filamu yake ya kwanza ndefu, Rue Cases-Nègres ya mwaka 1983, aliitoa kwenye riwaya ya Joseph Zobel, na kwa nafasi ya mtoto José alimchukua mvulana ambaye hakuwa mwigizaji. Akamweka kando ya bibi mzee, Darling Légitimus, ambaye alitoka Venice mwaka ule na tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Alipotaka kuigeuza riwaya ya Brink kuwa filamu, aliingia Afrika Kusini akijifanya mtu wa muziki, akaenda Soweto kuwasikiliza watu waliopoteza watoto na waliotoka mahabusu. Nalitaja hili kwa makusudi. Alikuwa amewaona kina Emily wenyewe kabla ya kumtafuta mtu wa kumwigiza.

Hollywood nayo ilikuwa na masharti yake. Studio ya kwanza, Warner Bros., iliiacha kazi hii, na wakati huohuo Cry Freedom ya Richard Attenborough, ya mwaka 1987, ilikuwa imeshasimulia habari za Biko. Waliomwona Denzel Washington akiwa Biko hawatamsahau, lakini wengi walilalamika kwamba Biko anakufa mapema na muda mwingi uliobaki ni wa Mzungu na familia yake wakitoroka. MGM ndio waliompa Palcy nafasi, na kwa nafasi hiyo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood. Hakuwa na uwezo wa kupata fedha bila Mzungu katikati ya hadithi. Alichoweza kufanya ni kuamua Wazungu gani, Waafrika gani, na kila mmoja akae wapi.

Kwa Ben alimchukua Donald Sutherland, Mkanada, ambaye katika Ordinary People ya mwaka 1980 alikuwa baba mpole anayechelewa kuuona msiba uliomo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ni uso wa mtu anayetaka mambo yawe sawa. Ben wa Sutherland si shujaa, ni mtu anayeamka polepole, na unamvumilia kwa sababu macho yake yanaona haya. Mkewe Susan alipewa Janet Suzman, mzaliwa wa Johannesburg, mpwa wa Helen Suzman, yule mbunge aliyekaa miaka 13 peke yake bungeni akipinga ubaguzi. Mwaka 1987 Janet alimwongoza John Kani katika Othello pale Market Theatre, Mwafrika akimkumbatia mwanamke wa Kizungu jukwaani, Johannesburg, makaburu wakiwa bado madarakani. Mwanamke mwenye ukoo na kazi kama hiyo akapewa kumwigiza mke anayesema afadhali tunyamaze tulinde vyetu. Anaifanya nafasi ile kwa ukweli unaotisha, kwa kuwa alikua akiwasikia majirani wa aina ile.

Kapteni Stolz, yule wa polisi anayehojiwa mahakamani, alipewa Jürgen Prochnow, Mjerumani aliyekuwa nahodha wa nyambizi katika Das Boot. Hakimu alipewa Michael Gambon, mmoja wa wakubwa wa jukwaa la Uingereza, kwa nafasi ambayo mtu angeweza kudhani haihitaji mkubwa. Inahitaji sana. Hakimu yule hapigi kelele wala hachukii mtu. Amechoka, na anataka kwenda kula. Mwigizaji dhaifu angeonyesha ubaya, nasi tungepata mtu wa kumchukia tukaisahau ofisi yenyewe. Gambon anaionyesha ofisi.

Brando ndiye nitakayekaa naye zaidi.

Alikuwa hajaonekana kwenye filamu tangu The Formula ya mwaka 1980. Kwa dakika chache za Superman, mwaka 1978, alikuwa amelipwa dola milioni 3.7. Kwa kazi ya Palcy alikubali kima cha chini kabisa kinachoruhusiwa na chama cha waigizaji, kama dola 4,000. Huyu alikuwa mtu aliyekwenda Washington kwenye maandamano ya tarehe 28 Agosti 1963, na aliyekataa Oscar ya The Godfather mwaka 1973, akamtuma Sacheen Littlefeather kwenda jukwaani kusema kwa nini. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1954, alikuwa yule kijana wa bandarini katika On the Waterfront anayesimama mbele ya tume kusema ukweli. Mtazamaji wa umri fulani alipomwona Brando akinyanyuka mahakamani alikuwa akiyaona yote hayo yakinyanyuka pamoja naye. De Villiers wa kitabuni aliondolewa, na mahali pake pakaandikwa wakili mpya, Ian McKenzie. Mswada ulioandikwa na Colin Welland pamoja na Palcy mwenyewe haukuhitaji kutueleza McKenzie ametoka wapi au ameshinda kesi ngapi.

Tazama anavyofanya kazi. Hana haraka. Maswali yake yanaanza kama maongezi ya barazani, kapteni anajibu kwa kujiamini, halafu swali linalofuata linakaa juu ya jibu lile, na lingine juu yake, mpaka kapteni anagundua amejengewa ukuta akiwa ndani. McKenzie anajua atashindwa, na alimwambia Ben tangu mwanzo kwamba mahakama haitatoa haki. Kwa hiyo hahoji ili ashinde. Anahoji ili iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba iliulizwa. Mwigizaji wa kawaida angeicheza kesi ile kwa jazba, akitafuta ushindi. Brando anaicheza kama daktari anayepima mwili ambao tayari umepoa, na kila mara anapomwangalia hakimu unaona kidogo, kwenye pembe ya jicho, kwamba anamwonea huruma.

Ndipo anashindwa, na anaondoka. Hapa mwongozaji alifanya jambo la ujasiri mkubwa. Alipata mwigizaji mkubwa kuliko wote waliokuwa hai, akamwacha aende kabla hadithi haijaisha, na hakumrudisha. Brando mwenyewe hakuridhika. Alitaka kazi yake ya mahakamani ihaririwe vingine, na mwaka 1989 alikaa mbele ya Connie Chung kwenye televisheni akalalamika hadharani. Ninamwelewa, kwa sababu mwigizaji huyatazama matukio yake. Lakini Palcy ndiye aliyekuwa sahihi. Kama Brando, kwa uzito wake wote, hakuweza kuitoa haki katika chumba kile, basi mtazamaji haambiwi tena kwamba mahakama ni bure, ameshaona. Angewekwa wakili asiyejulikana, tungesema labda hakuwa hodari.

Linganisha na filamu ambayo wengi huitaja kwanza wakizungumzia mahakama na riwaya, To Kill a Mockingbird ya mwaka 1962. Riwaya ya Harper Lee, iliyotoka mwaka 1960, ni ya mtoto, Scout. Yeye ndiye anayesimulia, na kesi ni sehemu tu ya utoto wake. Gregory Peck alipopewa nafasi ya baba, wakili Atticus Finch, mizani ilianza kuinama. Alipoona filamu ikiwa bado haijamalizwa kuhaririwa alipeleka maelezo yenye hoja 44, akitaka wakili apewe nafasi zaidi. Filamu iliyotoka inakaa mahakamani kwa sehemu kubwa kuliko kitabu. Peck alipata Oscar, na aliistahili. Mwigizaji aliyemshikilia pale juu alikuwa Brock Peters, aliyekuwa Tom Robinson, mshtakiwa. Machozi yake kizimbani yalikuwa ya kweli kiasi kwamba Peck alilazimika kuangalia pembeni ili asivunjike sauti. Peck alipofariki mwaka 2003, Peters ndiye aliyesimama kumuaga. Hata hivyo filamu ile inabaki na wakili aliyeshindwa, inamsindikiza mpaka mlangoni, watu weusi wamesimama ghorofani kwa heshima yake. Kamera ya Palcy inamwacha wakili aende zake, inarudi Soweto.

Huko Soweto alikuwa ameweka hazina yake. Winston Ntshona kama Gordon, John Kani kama Julius, Zakes Mokae kama Stanley, dereva wa teksi, Thoko Ntshinga kama Emily. Wote ni watu wa Afrika Kusini, na filamu ikapigiwa Zimbabwe kwa sababu kwao isingewezekana. Kani na Ntshona walianza jukwaani pamoja huko New Brighton, Port Elizabeth, na Sizwe Banzi is Dead, waliyoitunga wakishirikiana na Athol Fugard, iliwapeleka mpaka New York, wakapata tuzo ya Tony kwa pamoja mwaka 1975. Mwaka 1976 walikamatwa Transkei baada ya kuiigiza tamthilia hiyo, wakawekwa mahabusu. Mwaka 1976, angalia. Ni mwaka uleule wa risasi za Soweto ambazo hadithi hii inaanza nazo. Ntshona anapokaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano na kuinua macho polepole kumtazama anayeingia, hahitaji kufundishwa mlango wa mahabusu unavyosikika.

Na hapo ndipo uteuzi ulipobadilisha kitabu chenyewe. Brink, akiwa Mzungu mwaminifu, hakujiruhusu kuingia chumba kile; alibaki na Ben nje ya ukuta. Palcy, akiwa na Ntshona mkononi, aliingia. Kwa hiyo tunapofika mahakamani hatusikilizi ushahidi ili tujue nini kilitokea. Tunajua. Tulikuwepo. Kila neno la Stolz kizimbani tunalipima kwa uso wa Gordon. Kwa maoni yangu hili lilikuwa la lazima, ingawa kitabu kinapoteza kitu: ile hofu ya kutojua, ambayo kwa msomaji ndiyo inayomfanya awe Ben.

Mokae alizaliwa Johannesburg mwaka 1934, na mwaka 1961 alisimama jukwaani na Fugard mwenyewe katika The Blood Knot, mweusi na mweupe wakiigiza ndugu. Stanley wake anacheka sana, na kicheko chake kina ncha. Katika kitabu anakuja na kuondoka; katika filamu amekuwa mzito kiasi kwamba hadithi haikuweza kuishia kwa mwingine. Ben anagongwa na gari, kama kitabuni. Halafu Stanley anamfuata Stolz na kumpiga risasi. Kitabu hakina risasi hiyo, na watu wamebishana sana kuihusu. Mimi nasema ilitokana na uso wa Mokae. Ukimpa mtu kama yule nafasi ile, mtazamaji hatakubali ageuke tu aende nyumbani.

Filamu haikurudisha gharama zake. Brando alitajwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, na usiku wa tarehe 26 Machi 1990 tuzo ilikwenda kwa Denzel Washington, kwa filamu ya Glory. Mandela alikuwa ametoka gerezani wiki sita tu zilizopita. Palcy alisubiri mpaka Novemba 2022 kupewa Oscar ya heshima. Na kuhusu Timol, jalada lake lilifunguliwa tena, na tarehe 12 Oktoba 2017 Jaji Billy Mothle wa Mahakama Kuu, Pretoria, alitamka kwamba hakujiua. Alisukumwa. Ilikuwa karibu miaka 46 baada ya kifo chake.

Kwetu hapa tumeanza kuzipeleka riwaya zetu kwenye filamu kwa uzito unaostahili. Amil Shivji alipoitengeneza Vuta N’Kuvute ya Adam Shafi, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, nafasi ya Mwajuma, mwanamke wa taarabu, aliipa Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli. Unaisikia kabla hujaiona. Siku itafika ambapo mtu atachukua kesi ya huku kwetu, ya duara, yaani shimo la dhahabu, na mpaka wa kiwanja cha mchimbaji, ataiandika riwaya na mwingine ataitoa filamu. Ombi langu kwake ni moja: amtafute kwanza mtu wa kukaa upande wa walalamikaji, wakili baadaye.

Nirudi kibandani. Jenereta lilipozimwa tulitoka nje, ubishi ukaendelea gizani, kwenye meza ya mama aliyeuza chai na maandazi mlangoni. Mchimbaji alishikilia kwamba steringi alikuwa yule mzee mnene na kanda ilikatwa, kuna sehemu mwenye kibanda ameificha. Utingo mmoja alisema steringi ni mwalimu. Akajibiwa, mwalimu si amekufa? Vijana wakasema basi ni mwenye teksi, si ndiye aliyempiga adui. Mama wa chai alikuwa ameitazama picha yote kupitia tundu la bati, akikaanga. Akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye karai: “Steringi ni yule mwanamke aliyekuwa anauliza mume wake yuko wapi.”

Hatukumjibu. Hakuna aliyekuwa anajua hata jina lake. Mtafsiri alikuwa amempa kila mtu jina usiku ule, isipokuwa yeye. Nililitafuta miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima. Anaitwa Thoko Ntshinga.